Vijana wetu wa baiskeli wapewe njia, breki zirudi

Mhariri,

Mimi ni fundi baiskeli hapa Kongowea. Kazi hii niliianza mwaka 1989 nikimshikia spana marehemu baba yangu, na tangu hapo nimeziba pancha za wauza mkate, wachuuzi wa samaki na watoto wa shule hata hesabu imenipotea. Sijawahi kuliandikia gazeti. Leo naandika kwa sababu ya kijana wa jirani yangu, na kwa sababu ya Mfaransa mmoja aitwaye Benjamin Thomas.

Kijana huyo ana miaka kumi na sita. Alinijia kibandani baada ya Alasiri akisukuma baiskeli ya mbio, nyembamba kama mfupa wa samaki. "Shikamoo ami," akasema. "Nitolee breki zote mbili, na friwili uifunge, pedeli zizunguke na gurudumu." Nikamuuliza sababu. Akatoa simu akanionyesha Thomas akikimbia Olimpiki ya Paris. "Si waona, ami? Bingwa mwenyewe hana breki."

Ni kweli hana. Mashindano hayo niliyatazama usiku wenyewe, tarehe 8 Agosti 2024, tumejazana watu sita juu ya simu moja barazani kwa muuza kahawa. Mchezo unaitwa omnium: mbio nne kwa siku moja, na kila mbio ina kanuni zake. Ya mwisho ni ya kusaka pointi, mizunguko 100, kilomita 25, na kila mizunguko kumi watu hupigania pointi. Anayefanikiwa kuwapita wenzake mzunguko mzima huvuna 20 kwa mpigo. Katikati ya mbio hizo Thomas alianguka. Tulimwona akiburuzika juu ya mbao, tukapiga kelele barazani kama kaanguka mtoto wetu. Akainuka, akapanda, akarudi kundini, na akashinda dhahabu mbele ya watu wa kwao kwa pointi 164 za mbio zote nne, akimwacha Mreno Iúri Leitão na 153. Muuza kahawa alisahau jiko lake, kahawa ikachemka ikamwagika.

Kwa hivyo sikumlaumu kijana kwa kumpenda mtu yule, maana hata mimi nampenda. Nilimwambia hivi: uwanja ule ni wa mbao, duara la mita 250, kona zake zimeinuliwa kama ukuta. Wote huenda upande mmoja. Hakuna anayekata njia, hakuna mkokoteni, hakuna abiria wa kushuka. Mwendo huongezwa na kupunguzwa kwa miguu peke yake, na wote wako hivyo hivyo. Mmoja angekuwa na breki akaishika ghafla, walio nyuma yake wangemrukia mgongoni. Kule kukosa breki ndiko kunakowalinda.

Nikamwonyesha na jambo la pili, ambalo naona vijana wengi hawalijui kwa kuwa video zinazozunguka ni za uwanjani tu. Thomas ni mtu wa barabara vilevile, na mwaka huo wa 2024 alikuwa akila mshahara wa timu ya Cofidis. Miezi mitatu kamili kabla ya dhahabu ile, tarehe 8 Mei 2024, alishinda siku ya tano ya Giro d'Italia, mbio za barabarani za wiki tatu kule Italia, kutoka Genova hadi Lucca, kilomita 178. Waliponyoka wanne, kundi kubwa likashindwa kuwafikia, naye akawazidi wenzake watatu mstarini. Mwaka 2022 kwenye Tour de France, mbio kama hizo za Ufaransa, alikuwa amejaribu hivyo hivyo kuelekea mji wa Carcassonne. Alibaki peke yake mbele, wakamkamata ikiwa imesalia chini ya kilomita moja. Siku zote hizo mbili, ile ya kilio na ile ya furaha, baiskeli yake ilikuwa na breki mbele na nyuma. Mei ana breki, Agosti hana. Mtu ni yule yule, njia ndiyo iliyobadilika.

Kijana alinisikiliza kwa adabu, akaondoka. Breki alizitoa mwenyewe usiku, kwa spana ya kuazima.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, alikuwa akiteremka daraja la Nyali kuja upande wetu. Anayeujua mteremko ule anajua baiskeli inavyochukua kasi hata bila kupiga pedeli. Tuktuk iliyo mbele yake ikasimama kuchukua abiria. Alijaribu kuzuia kwa miguu, pedeli zikamshinda, zikamtoka nyayoni. Amevunjika mtulinga. Baiskeli nililetewa na mamake: uma wa mbele umejikunja hadi gurudumu linagusa fremu, na kwenye hendeli zimebaki alama mbili safi pale breki zilipokuwa zimefungwa. Dereva wa tuktuk simlaumu. Yeye ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali.

Mhariri, vijana hawa wanafika kumi na tano, nawajua kwa majina. Wanakimbia alfajiri darajani kwa sababu ndiyo saa pekee magari ni machache. Ninawaomba wenye mamlaka juu ya barabara zetu jambo dogo: kila Jumapili, tangu alfajiri hadi saa mbili asubuhi, barabara ya Mama Ngina kando ya bahari ifungiwe magari, baiskeli ziachiwe. Hakuna cha kujenga. Yatosha vizuizi viwili na askari mmoja kila upande. Na wazazi wenzangu, kabla mtoto hajatoka na baiskeli, finya breki zote mbili kwa mkono wako, uisukume. Ikisogea, mlete kwangu.

Uma wa baiskeli ya yule kijana nimeubadilisha, na breki nimezirudisha kwa waya mpya. Mkono wake ungali kwenye kitambaa. Jumapili hiyo ikipatikana, nitakuja Mama Ngina na pampu na sanduku langu la spana, na pancha za watoto nitaziziba bila malipo.

Fundi baiskeli,
Kongowea, Mombasa