Wito wa Harambee: Friji ya Chanjo kwa Zahanati Iliyo Jirani na Shule Yetu

Kwa wazazi wetu, majirani, wanafunzi mliopitia shule hii, na wana wa Kilifi mlioko Mombasa, Nairobi na katika nchi za Ghuba: tunawasalimu kwa heshima, na tunawaomba mtusikilize hadi mwisho kabla hamjaamua mtatoa nini.

Aliyetufumbua macho ni mwalimu wa Gredi ya 5. Alipokuwa akijumlisha mahudhurio ya muhula uliopita, aliona kwamba wasichana wanne, wale wale, walikuwa wakikosa darasa siku ya Alhamisi. Alipowauliza, kila mmoja alitoa jibu lile lile: Alhamisi ni siku ya chanjo, mama huondoka alfajiri na mtoto mchanga, na yeye hubaki nyumbani kuwatunza wadogo zake. Friji ya zahanati iliharibika na haikutengenezeka. Tangu hapo chanjo huletwa mara moja kwa wiki ndani ya kibebeo chenye barafu, usafiri ukipatikana, na usipopatikana akina mama huambiwa warudi Alhamisi nyingine. Wapo waliorudi mara tatu, na wapo waliokata tamaa.

Jambo hili linatuuma zaidi kwa sababu ya mahali tunapoishi. Kituo cha Kilifi cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, kilianza ushirikiano wake na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, mwaka 1989. Tangu mwaka 2000 watumishi wake wamekuwa wakipita nyumba hadi nyumba katika eneo la kilomita za mraba 891, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani ameondoka. Nyumba zetu zimo katika daftari hilo. Watoto wetu walipolazwa katika hospitali ya Kilifi walitolewa damu ikapimwa, na wazee wetu waliuliza, kwa haki kabisa, damu ile inakwenda wapi. Tungependa kulijibu swali hilo hapa, kwa kuwa jibu lake ndilo lililotufanya tuandike wito huu.

Damu ile ilikwenda maabara, ikaoteshwa kwa siku kadhaa ili ionekane kama ndani yake mna vijidudu, na vya aina gani. Hospitali peke yake inaweza kuhesabu wagonjwa waliofika, lakini haiwezi kujua wametoka miongoni mwa watoto wangapi. Daftari la nyumba na daftari la wodi yakisomwa pamoja, mtaalamu anaweza kusema kwa uhakika ugonjwa unapanda au unashuka, na chanjo mpya imefanya kazi gani. Ni sehemu chache barani Afrika zilizoweza kufanya hesabu hiyo kwa muda mrefu namna hii, na imewezekana hapa kwa sababu akina mama wa vijiji hivi walifungua milango yao na kujibu maswali yale yale mwaka baada ya mwaka.

Novemba 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya kijidudu kiitwacho Hib, kinacholeta homa ya uti wa mgongo na nimonia kali. Kabla ya hapo, katika eneo letu, watoto wapatao 66 kati ya kila 100,000 walio chini ya miaka mitano walikuwa wakipata maambukizi mazito ya kijidudu hicho kila mwaka. Kufikia 2004 na 2005 hawakufika 8. Januari 2011 ikaja chanjo ya nimokoka, kijidudu kingine cha nimonia na uti wa mgongo, na maambukizi mazito ya aina zilizomo ndani ya chanjo hiyo yakashuka kwa watoto wadogo kutoka takriban 61 hadi takriban 3 kwa kila 100,000. Hata wachanga ambao hawajafikisha umri wa kuchanjwa walinusurika na balaa hilo, kwa kuwa ndugu zao waliochanjwa hawakuwaambukiza tena. Watoto wa Kilifi walishiriki pia katika majaribio ya chanjo mbili za malaria, RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023. Sisi wazazi tunajivunia mchango huo, na tunaona uchungu kwamba mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka shuleni kwetu anaweza kuchelewa kupata chanjo ambazo ushahidi wake ulikusanywa kutoka kwa kaka na dada zake.

Tumeulizwa kwa nini tusinunue friji ya kawaida madukani. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, usiku na mchana. Chanjo ya surua na ya polio huharibiwa na joto, na ile sindano ya magonjwa matano huharibika ikiganda, ilhali ndani ya friji ya nyumbani kuna pembe zinazogandisha na pembe zenye joto, na umeme ukikatika hakuna kinachosalia. Tunayoitafuta ni friji ya sola iliyotengenezwa kwa ajili ya chanjo na kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo hutunza baridi yake hata siku za mawingu. Hata hiyo haitaondoa kila tatizo, na hatutaki kumdanganya mtu. Chupa moja ya chanjo ya surua ina dozi 10, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa sita, kwa hiyo muuguzi bado atalazimika kuwapanga watoto ili dozi zisipotee. Lakini ataweza kuwapanga siku yoyote ya kazi, na mtoto aliyezaliwa Ijumaa hatasubiri wiki nzima kupata chanjo ya kifua kikuu.

Friji tuliyoichagua ina pia sehemu ya kugandisha barafu, na hili tulilisisitiza sisi wenyewe. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla mguu au mkono, ni lazima ichunguzwe kama ni polio: sampuli mbili za choo huchukuliwa katika siku 14 za mwanzo, zikipishana kwa angalau saa 24, na husafirishwa zikiwa baridi hadi maabara ya KEMRI jijini Nairobi. Sampuli haziwekwi kamwe pamoja na chanjo. Kinachohitajika kwetu ni barafu ya kuzisindikiza. Walimu wetu wamekubali kuwa macho ya kwanza, yaani kumjulisha mhudumu wa afya ya jamii siku hiyo hiyo wanapoona mwanafunzi mwenye homa na vipele, au aliyelegea kiungo.

Makisio tuliyopewa ni shilingi 780,000, yakiwemo paneli, ufungaji, vibebeo viwili vya chanjo, na akiba ya matengenezo kwa miaka mitatu. Akiba hiyo haitaguswa kwa shughuli nyingine, maana friji ya kwanza ilikufa kwa kukosa kipuri na fundi. Wazazi wamekwisha kuchanga shilingi 143,500, baadhi yao kwa noti za hamsini hamsini.

Harambee itafanyika katika uwanja wa shule, Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi. Asiye na fedha taslimu alete alicho nacho, awe ni mbuzi, kuku, nazi, korosho au gunia la mahindi, na vitapigwa mnada papo hapo. Mlio mbali mnaweza kutuma kupitia jamaa zenu, nao watapewa na mweka hazina risiti yenye jina la aliyetuma. Hesabu yote ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shule na kwenye ukuta wa zahanati kabla muhula haujafunguliwa, na Alhamisi ya kwanza ya muhula mwalimu wa Gredi ya 5 ataita majina ya wale wasichana wanne.

Kamati ya Wazazi na Walimu