Kikao cha Jumamosi: doria na usalama wa mtaa wetu

Assalamu alaikum na habari zenu ndugu zangu,

Kikao bado ni Jumamosi hii saa tisa alasiri, ila mahali pamebadilika. Ukumbi una harusi, tukutane barazani kwa mwenyekiti.

Mada: doria zikiongezwa, uhalifu hupungua? Tutaanza na jaribio la doria za polisi lililofanywa mjini Kansas City, Marekani, 1972 hadi 1973. Maeneo 15 yaligawanywa mafungu matatu: moja likabaki na doria ya kawaida, la pili likaongezewa mara mbili hadi tatu, la tatu polisi wakaingia walipoitwa tu. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, wala hofu ya wakazi. Naomba tulitafakari hili kwa makini, maana sisi kila mara tunaomba gari lizunguke na basi. Tafiti za baadaye, kama ule wa mji wa Minneapolis, pia Marekani, zilionyesha doria husaidia zaidi ikielekezwa pale matukio yanapojirudia.

Kwa hiyo:
1. Kila mtu aje na sehemu mbili anazoogopa kupita, na saa zenyewe. Kina mama wa sokoni, ule uchochoro wa nyuma ya mabucha mnaujua kuliko sisi sote.
2. Vijana wa bodaboda, hesabuni taa za barabarani zilizozima.
3. Chai na mahamri: shilingi 100 kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni.

Afisa wa kituo tumemwalika. Tumuulize kwa adabu, lakini tuulize.

Tafadhali jibu hapa NAKUJA au SITAWEZA kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, tujue idadi ya viti.