Usikitikise kitabu cha mwenzako hadharani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo tangu mwezi uliopita limekaa moyoni na haliniachi.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu hapa Mbeya. Kazi hii niliianza mwaka 1974 kwenye kiwanda cha uchapaji, nikiwa kijana wa miaka 19, na tangu nilipostaafu naifanya kwa mkono nyumbani kwangu Soweto. Sindano, uzi, gundi ninayoipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na mbao mbili za kubania. Ninacholetewa zaidi ni vitabu vya dini. Biblia, misahafu, juzuu za watoto wa madrasa, vitabu vya nyimbo vya Wamoraviani wenzangu, yaani Wakristo wa Kanisa la Moravian, na vya Walutheri. Mtu hataki kununua kipya wakati kile cha zamani kina majina ya watoto wake wote, yameandikwa ndani ya jalada pamoja na tarehe walizozaliwa.

Mwezi uliopita, karibu na soko moja hapa mjini, nilipita penye mhadhara wa dini. Mzungumzaji alikuwa ameshika kitabu cha dini ya wenzake kwa ncha ya jalada. Akakitikisa mbele ya kipaza sauti, akauliza, "Hiki ndicho mnachokiamini?" Watu wakacheka. Akakitikisa tena, jalada likakatika, kitabu kikaanguka kwenye tope. Siku ya tatu kijana mmoja aliniletea kitabu kilekile kimefungwa kwenye khanga ya mama yake. Sitasema kilikuwa cha dini gani, kwa sababu wiki iliyofuata upande wa pili nao walisimika vipaza sauti vyao, na matusi yakarudi yalikotoka.

Swali lile la "ndicho mnachokiamini?" liliulizwa kana kwamba jibu lake linajulikana, kwamba wenzetu wanakiamini kwa ujinga. Kwa miaka 50 nimevishika vitabu hivi mikononi, na nina jibu jingine.

Kitabu kikifika mezani kwangu, kabla sijakata uzi wa zamani, nakisimamisha kwa mgongo na kukiachia kijifungue chenyewe. Kitafunguka pale kilipozoea. Biblia ya mama wa Kimoravian aliyefiwa itafunguka kwenye Zaburi, na kurasa zake zitakuwa laini kama kitambaa. Msahafu wa nyumbani utafunguka kwenye Yasini, kwa sababu ndiyo inayosomwa mgonjwa akizidiwa na msiba ukiingia. Juzuu Amma za watoto huja zimechakaa mwanzo hadi mwisho. Vitabu vinavyotoka Tukuyu huja vimevimba kwa unyevu wa mvua zile, na vingine vina harufu ya moshi wa jikoni, nikajua vilisomwa karibu na moto. Mambo ya Walawi, katika Biblia nyingi, ni meupe kama siku ilipotoka dukani.

Kwa hiyo mtu hakiamini kitabu chake chote kwa kipimo kimoja. Anakiamini kuanzia pale kilipomshika mkono. Hizo kurasa nyingine anazikubali kwa heshima ya zile.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa msahafu uliokatika vipande. Sijui kusoma Kiarabu, namba za kurasa zilikuwa zimefutika kwa maji, na katika kushona nikapitisha mkunjo mmoja wa kurasa mbele ya mwenzake. Aliyekuja kuuchukua alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na mmoja. Alikaa kwenye kigoda changu akaufungua, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, mara akanyamaza.

"Shikamoo tena babu," akasema, kwa adabu ya mtoto anayeogopa kumsahihisha mzee. "Hapa pameruka."

Nikamuuliza anajuaje, na namba hazionekani. Akasema, "Ulimi umeenda kwenye aya inayofuata, macho yameona nyingine."

Nilikata uzi mbele yake nikashona upya, naye akawa ananionyesha mkunjo upi uende wapi, bila kuangalia msahafu mwingine. Mwalimu wake aliponitembelea kunishukuru, nilimuuliza kwa unyofu jambo lililokuwa likinisumbua tangu ujana. Inakuwaje mtu aamini maneno ambayo hayaelewi, maana watoto wengi wanasoma Kiarabu wasichokijua? Hakukasirika. Alinieleza kwamba jina lenyewe Kurani maana yake ni kisomo, kitu cha kutamkwa. Yeye aliipokea kwa mwalimu wake, mwalimu wake kwa mwalimu wake, mnyororo unaorudi hadi kwa Mtume. Waislamu wa mwanzo walipopoteza wasomaji wengi katika vita vya Yamama, ndipo Khalifa Abu Bakar alipomwagiza Zaid bin Thabit aikusanye katika maandishi, na baadaye Khalifa Uthman akapeleka nakala mijini. Ila karatasi, alisema, ni shahidi wa pili. Wa kwanza ni kifua. Kuhusu maana, akaniambia nyumbani kwake ana tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, na anaisoma kila siku, lakini hawezi kuswali kwa tafsiri.

Sisi tulilelewa kinyume na hapo. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, walikaa na wazee wetu wakatafuta maneno ya Kinyakyusa. Mama yangu alimwita Mungu Kyala maisha yake yote, na kwake uthibitisho kwamba Neno ni la kweli ulikuwa kwamba lilimjia kwa lugha aliyomlilia mumewe. Baadaye ikaja Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iliyounganisha tafsiri ya Unguja na ya Mombasa, na ndiyo inayochakaa mikononi mwa watu mpaka leo. Tuna pia kile kitabu kidogo cha aya za kila siku, ambacho Wamoraviani wamekichapa kila mwaka tangu 1731, aya zake za Agano la Kale zikiokotwa kwa kura, bila mtu kuzichagua, kule Herrnhut, Ujerumani. Mtu wa nje anaweza kushangaa, aya ya kura! Lakini mwulize aliyeamka asubuhi ya mazishi akaikuta aya ya siku ile inamsemesha yeye. Huyo humwondoi pale kwa hoja.

Hoja zipo, na sizidharau. Mchungaji mmoja alinionyesha picha ya gombo la Isaya lililopatikana mapangoni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947. Ni vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu zaidi ya mita saba, na ni vikuukuu kuliko nakala za Kiebrania zilizokuwa zikijulikana kabla ya hapo kwa karibu miaka elfu moja. Maneno kwa sehemu kubwa ni yaleyale. Nilikaa na picha ile jioni nzima nikiiangalia mishono, nikimfikiria fundi mwenzangu. Hata hivyo nilikuwa nimemwamini Isaya miaka mingi kabla ya kusikia habari za Qumran. Hoja ilinikuta njiani, nikaifurahia.

Wakatoliki Biblia yao ni nene zaidi kwa vitabu saba, 73 badala ya 66, na kuna mama aliyeniletea yake imechanika kwenye Tobiti, mahali palipofunguliwa kwenye harusi yake na za binti zake. Nikamwambia sisi kitabu hicho hatuna. Alinihurumia.

Nikiwa bado kiwandani, Singasinga mmoja mwenye gereji aliniletea kitabu chake kidogo cha sala kimevikwa kitambaa cha hariri. Aliniomba ninawe mikono na nifunike kichwa kabla ya kukifungua. Kwao, aliniambia, guru wao wa kumi, yaani mwalimu wao mkuu wa dini, alisema mwaka 1708 kwamba baada yake hakutakuwa na guru mtu, guru atakuwa kile kitabu chao kikubwa, chenye kurasa 1,430, ambacho kila usiku hulazwa na kila asubuhi huamshwa kama mfalme. Nilinawa. Nilifunika kichwa. Sikupungukiwa na Ukristo wangu kwa kufanya hivyo.

Sasa niseme la nyumbani kwangu, ndilo lililonifundisha kuliko yote. Binti yangu wa tatu aliolewa Kyela na kijana wa Kiislamu, akasilimu. Niliumia. Miaka miwili sikukanyaga kwake, nikiamini kwamba ameacha kitabu chetu kwa sababu ya mwanamume. Nilipokwenda hatimaye, alinipeleka sokoni kwa mama mkwe wake, anayeuza mchele. Nilikaa pale asubuhi nzima. Yule mama alipima debe na kisado kwa wateja wote kwa mkono mmoja, mgeni na mwenyeji, na kila kipimo alikipa nyongeza kidogo. Binti yangu akaniambia, "Baba, kuna sura inayowaapiza wanaopunja vipimo. Mama anaisoma kila alfajiri, halafu anakuja hapa. Nilikiamini kitabu chao kabla sijajua hata herufi moja, kwa kumwangalia yeye akipima."

Sikuwa na la kumjibu. Usiku ule nilifungua Mithali, sura ya 11, aya ya kwanza, inayosema habari ya mizani ya hadaa, nikajiuliza ni nani aliyewahi kuiona aya ile kwangu.

Mhariri, sisemi vitabu vyote vinasema kitu kimoja. Havisemi. Juu ya msalaba peke yake, Kurani inakanusha kwamba Isa alisulubiwa, na sisi tumaini letu lote limetundikwa pale. Mimi ni Mmoraviani na nitazikwa na Wamoraviani, na ningefurahi sana binti yangu angerudi. Lakini kumtikisia kitabu chake hakutamrudisha. Anayekitikisa anadhani anapambana na karatasi, kumbe anamshika shati yule mama wa mchele, na mwalimu wa yule mvulana, na mama yangu mimi.

Ninawaomba wenye vipaza sauti, wa pande zote mbili, wafundishe kitabu chao mchana kutwa wakitaka, ila cha mwenzao wakiache mkononi mwa mwenyewe. Na wakitaka kujua kwa nini anakiamini, wamuulize nani alimsomea mara ya kwanza, kisha wasikilize.

Mimi nilisomewa na mtu asiyejua kusoma. Mama yangu hakwenda shule. Jioni, kibatari kikiwa kati yetu, aliniwekea Biblia mapajani nimsomee, nami nikisinzia nilikuwa naruka mistari ili tumalize. Kila mara alinigusa goti. "Rudi, mwanangu. Umeacha mahali." Yeye alikuwa ameishika yote kwa masikio, kama yule mvulana wa madrasa, na ni yeye aliyekuwa akinisomea mimi.

Kitabu cha yule kijana kimekauka juzi. Na baridi hii gundi inachelewa. Kurasa nne hazikutoka tope lote, nimeziwekea karatasi nyembamba katikati zisigandane. Atakuja kukichukua Jumamosi na khanga ya mama yake nimeifua.

Wako,
Fundi wa vitabu,
Soweto, Mbeya
(Jina limehifadhiwa)