Kabla ya Kusema Nimekutapeli, Fungua Ukurasa wa 128

Ninaandika na kuchapisha vitabu vya hadithi ya mapenzi ya msichana Mishi na jini aitwaye Farisi, na wiki haipiti kabla mtu hajaniandikia kwamba Kitabu cha Pili "kimeruka". Mishi anamwita Farisi kwa jina lake la siri tangu sura ya kwanza, na msomaji anaapa kwamba hajaambiwa popote jina hilo Mishi alilipata wapi. Wapole huuliza kama nilisahau. Wakali husema nimeficha sura makusudi ili niwauzie kitabu kingine. Dada mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinipigia simu akiwa amewaka kabisa, na sikumlaumu: alikuwa ametoa hela yake, na alichosoma hakikueleweka.

Nikamwomba afungue ukurasa wa 128 wa nakala yake ya Kitabu cha Kwanza, kisha anisomee nambari ya ukurasa unaofuata.

"Mia moja arobaini na tano," akasema. Halafu akanyamaza.

Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Kinachapwa kwenye karatasi kubwa, na kila karatasi ikishakunjwa na kukatwa inatoa kurasa 16. Kitabu cha Kwanza kina kurasa 336, yaani karatasi 21. Mchapaji mwenye kujali kazi yake huzihesabu kabla ya kupaka gundi. Haramia, anayechapa vitabu vya watu bila ruhusa, hahesabu. Aliiacha karatasi ya tisa, na karatasi ya tisa ndiyo iliyobeba usiku wa kisimani, Farisi anapomtajia Mishi jina lake. Angeacha karatasi nyingine yoyote, pengine msomaji asingegutuka. Dada yetu alikuwa amenunua kando ya barabara ya Tom Mboya kwa shilingi 400 akaona ameokoa 550. Baadaye alikuja kuchukua nakala halali kwa 950. Kwa hivyo hadithi moja imemla 1,350, na usiku wa kisimani ameusoma akiwa tayari anajua kilichofuata. Hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi.

Nieleweke vizuri: sina ugomvi na watu wa inama, wanaouza vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini. Nusu ya vitabu vilivyonifanya niwe mwandishi nilivipata nikiwa nimeinama juu ya turubai mjini. Kitabu cha mtumba ni halali. Kuna mtu alikinunua, akakisoma, akakiuza. Ninachokataa ni kile kinachouzwa kama kipya na hakikutoka kwetu. Kukitambua si kazi. Karatasi yetu ina rangi ya maziwa, ya bandia ni nyeupe pe kama ya fotokopi. Kipinde mgongo katikati: cha bandia kinalia, na wiki mbili baadaye kinaanza kutoa kurasa. Usitegemee nambari ya ISBN nyuma ya jalada. Sisi tuliipata kwa kuiomba KNLS, shirika la maktaba za taifa la Kenya, lakini haramia ameipiga picha pamoja na jalada lote.

PDF ya wizi inayosambazwa Telegram ni balaa la aina nyingine, na ili nieleze shida yake lazima nijibu swali ambalo wasomaji wa Nairobi huniuliza kuliko la mwisho wa hadithi: kwa nini Mishi na Farisi wanakutana mara mbili tu kwa mwezi?

Farisi ni jini wa baharini. Anaweza kupanda nchi kavu wakati wa bamvua peke yake, maji yanapojaa kupita kawaida. Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Kwa sisi wa bara, bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana. Hizo siku za maji mafu ndizo Mishi anazoandika barua asizoweza kuzituma. Hadithi nzima inapumua na maji. Ndiyo maana juu ya kila sura kuna mwezi mdogo uliochorwa kwa mkono: mwembamba, nusu au mpevu. Ukiuona unajua mara moja kama leo watakutana au mtu atalia.

Sasa, aliyetengeneza PDF ile alipiga kurasa picha kwa simu, akazipitisha kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi. Programu haijui mwezi. Mwezi mpevu imeusoma kama herufi O, na ule mwembamba imeutupa. Sura ya nne huko Telegram inaanza hivi: "O Mishi alisimama ukumbini." Kijana mmoja aliniandikia kunipongeza kwa "mtindo wa kishairi wa kumwita mhusika". Nilicheka, kisha nikamuuliza kama anajua sura ya tano inatokea siku ngapi baada ya ya nne. Hakujua. Angejuaje? Alidhani wanaonana kila jioni, na akashangaa kwa nini msichana analalamika hivyo.

Kazi iliyo nyuma ya miezi ile midogo wengi hawaioni. Hadithi inatokea Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya, mwaka wa 802 Hijria, sawa na 1399 hivi. Sikuuokota mwaka huo hewani: kuna kaburi kwenye magofu ya Gede lililochongwa tarehe ya mwaka huo, na hadithi ilianzia hapo. Kila usiku katika vitabu una tarehe ya Hijria kwenye jedwali letu, na kalenda ya Hijria inafuata mwezi, kwa hivyo tarehe ikiwa ya 14 au 15 mwezi lazima uwe mpevu na maji yawe bamvua. Mhariri wangu ananirudishia sura nzima tarehe ikisogea siku tatu. Msomaji mmoja wa Watamu alinibana kwamba Gede haiko ufukweni, jini wa maji anafikaje? Swali zuri, la mtu aliyefika. Farisi anapita mkono wa bahari wa Mida, halafu anatokea kwenye visima vya mji, ambavyo vipo hadi leo ukitaka kwenda kuchungulia. Na Gede ulihamwa kufikia karne ya 17, kwa hivyo mwisho wa mji kila mtu anaujua. Wa Mishi siusemi.

Tuje kwa bei, maana najua wengine mmeruka hadi hapa. "950 kwa kitabu cha hadithi!" Duka la vitabu likinichukulia linabaki na asilimia 30 hadi 40 ya bei ya jalada. Vitabu vinatozwa kodi ya VAT tangu sheria ya 2013, asilimia 16, na bili ya mchapaji haina huruma. Kutayarisha pleti za mashine kunagharimu kilekile, uchape nakala 500 au 5,000. Mimi si mchapishaji wa vitabu vya shule, nachapa 500. Toa mhariri, toa msanifu, toa aliyechora miezi. Kinachobaki hakinunui gari.

Mwalimu mmoja msimamizi wa klabu ya kusoma alinunua nakala moja, akaipeleka kibandani itolewe kopi za wanachama. Kurasa 336, mbili kwa kila upande wa karatasi, ni pande 168. Kwa bob tano ni 840, ongeza 100 ya kufungia kwa springi, jumla 940 kwa kila mtoto. Bei yetu ya klabu, kuanzia nakala kumi, ni 700. Nilimwonyesha hesabu hiyo taratibu, maana ni mtu mzima na ninamheshimu. Alikuwa ameshalipia kopi 14.

Wazazi wanaouliza: vitabu ni vya miaka 15 kwenda juu. Kuna vita na kuna kifo. Mapenzi yenyewe ni barua, mashairi na kushikana mikono, basi. Na hapana, huwezi kuanza na Kitabu cha Pili kwa sababu jalada lake ni zuri zaidi.

Kitabu cha Tatu. Mliolipia mapema hamjaibiwa, hela yenu imeshakuwa karatasi, iko ghalani. Kilichochelewa ni jalada. Nakala za majaribio zilikuja na bahari ya kijani kibichi kama sukuma wiki, nikazikataa. Mchapaji akasema hakuna atakayeona tofauti. Ninyi mngeona, ninawajua. Tumerudia, na kitakuwa mikononi mwenu kabla ya maonyesho ya vitabu ya Sarit, Nairobi, mwezi wa Septemba.

Ukiwa na nakala bandia, ilete. Nitaichukua na kukupunguzia 200 kwenye halali, sitakuuliza uliinunua kwa nani. Ndani ya Nairobi tunatuma kwa boda siku hiyohiyo ukilipa kabla ya saa nane mchana. Kwingine vifurushi vinapanda basi jioni, na nauli ni juu ya mnunuzi. Mkilipa kwa Paybill ya M-Pesa, kwenye sehemu ya akaunti andikeni jina lenu na nambari ya kitabu mnachotaka (1, 2 au 3). Mwezi uliopita watu watatu waliandika FARISI ASIFE, na mpaka sasa hatujui tuwatumie nini.