Taarifa ya Mwaka 2023 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Suala la Maabara ya Misonobari

Bukavu

Akina mama na akina baba wanachama, ndugu wenye pepinyeri, yaani vitalu vya miche, wa Kabare, Walungu na hapa mjini, nawasalimu.

Ya kawaida nayapitia haraka. Michango imechelewa kama kila mwaka, lakini imeingia, na mtunza sanduku atasoma hesabu nikishamaliza. Sashe, vile vifuko vya kuoteshea miche, zimepanda bei tena. Miche ya grevilea ndiyo iliyotoka zaidi, eukaliptusi ikifuata. Komite ni ileile.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa lile pendekezo la mkutano uliopita, kwamba sanduku la chama lifungue maabara ndogo ya kuzalisha sipresi na misonobari kwa tishu, yaani kukuza vipande vidogo vya mti ndani ya chupa. Waliolileta walikuwa na hoja. Migomba ya maabara tumeiona: inafika shambani safi, haina ugonjwa, inakua kwa pamoja. Basi, wakauliza, kwa nini tusichague sipresi moja iliyonyooka kuliko zote tukaitoa kwa maelfu?

Komite imesoma na kuuliza wanaojua, na jibu letu ni tusiifungue. Sababu ya kwanza ni umri wa mti. Mgomba hauishi kutoa machipukizi. Ncha changa ya chipukizi hukatwa, ikawekwa chupani juu ya chakula cha chumvi, sukari, vitamini na agari, kwa kanuni ambayo Murashige na Skoog waliichapisha mwaka 1962. Lakini mti wa koni, yaani sipresi, msonobari na jamaa zao, ukikomaa, tishu yake nayo imekomaa. Kipande cha msonobari mzee mara nyingi hugoma kutoa mizizi, na hata kikikubali, huenda kikakua kwa kulala upande, kama vile bado ni tawi.

Kwa hiyo wataalamu huanzia kwenye mbegu changa. Mwaka 1985 huko Sweden, watafiti wakiwemo Inger Hakman na Sara von Arnold walionyesha njia hiyo kwa mti wa Ulaya uitwao Picea abies. Koni huchumwa ikiwa bado mbichi, kiinitete, yaani kile kimche kichanga kilichomo ndani ya mbegu, kikatolewa na kulishwa homoni. Mojawapo ni 2,4-D, ndiyo, hiyohiyo mnayoinunua kuua magugu! Kwa kipimo kidogo sana huifanya tishu izae viinitete vingi vinavyofanana. Baadaye homoni nyingine, asidi ya absisiki, huvikomaza hadi viweze kuota.

Sasa naomba tusikilizane. Kiinitete hicho si ule mti mliousifu. Ni mtoto wake, na chavua iliyomzaa ililetwa na upepo. Atanyooka? Atapinda? Hakuna ajuaye akiwa chupani. Ndiyo sababu maabara kubwa hugawa kila ukoo, yaani viinitete vyote vilivyotokana na mbegu moja: sehemu hugandishwa kwenye naitrojeni iliyo katika hali ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na sehemu hupandwa shambani ikapimwa kwa miaka. Ukoo ulioshinda ndio hurudiwa, ukayeyushwa na kuzidishwa. New Zealand wamefanya hivyo kwa Pinus radiata. Anayejenga maabara bila akiba ya baridi na bila mashamba ya majaribio atazidisha kwa gharama kubwa mtoto asiyemjua, na wateja wetu wa mbao watakuja kutudai sisi.

Kuhusu umeme sisemi mengi, mnakaa Bukavu. Vyombo na chakula vya chupa huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121, chumba cha kukuzia kinataka joto lisilopanda na kushuka, na hewa ya kwenye meza ya kazi ichujwe. Jenereta inawezekana. Bei ya mafuta mnaijua.

Kuna na hatari ya kufanana. Chawa wa sipresi, Cinara cupressivora, alionekana Malawi mwaka 1986, akasambaa nchi nyingine za Afrika na kukausha uzio na mashamba. Kilima chote kikiwa ukoo mmoja, mdudu akiuweza mti mmoja ameiweza yote.

Wanakomite wawili hawakukubaliana nasi. Wanasema vijana wetu wa vyuo wangejifunzia hapo, na kwamba podokarpusi, mti wa koni wa asili wa milima yetu, unastahili kujaribiwa. Hilo la podokarpusi naliunga mkono, ila kwa kushirikiana na wenye maabara tayari, si kwa sanduku letu.

Tunachopendekeza ni kununua mbegu za sipresi na msonobari zenye asili inayojulikana, kutoka kwenye miti mingi, na kuotesha miche mama. Miche hiyo itakatwa kichwa mapema ili ibaki mifupi na michanga, itupe vipandikizi, na kung'olewa kabla haijazeeka. Kwa msonobari, changanyeni udongo kidogo kutoka chini ya misonobari yenye afya. Una kuvu inayoshirikiana na mizizi, na bila kuvu hiyo mche hudumaa na kugeuka njano. Msichote chini ya miti inayokauka, mtahamisha ugonjwa.

Kura ya matumizi hayo itapigwa leo baada ya hesabu. Wanaotaka kutunza miche mama wajiandikishe kwa katibu kabla ya Agosti kuisha, wakitaja chanzo chao cha maji ya kiangazi, maana asiye na maji hatapewa.