Mbwa mzee anayetema vidonge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wenye mbwa wazee hapa Kigoma: mbwa akitema dawa, mkague kinywa kabla hujamwita mkaidi. Jino bovu au fizi iliyovimba humfanya akatae hata samaki kama mgebuka.

Kinywa kikiwa kizima, finyanga matonge matatu madogo ya ugali na samaki aliyetolewa miiba. La kwanza tupu, la pili lina kidonge, la tatu mwonyeshe kabla hajamaliza la pili. Akiona lingine linakuja hatafuni, anameza. Awe na njaa. Mkono ulioshika kidonge usifinyange matonge mengine, maana harufu ya dawa itamshtua, na akishashtuka leo, kesho hata ugali mtupu ataukagua.

Doksisaiklini, inayotolewa sana kwa homa ya kupe, isimezwe kavu: ikinasa njiani inachoma umio. Fuatisha maji mililita 5 kwa bomba lililotolewa sindano, ukipitishia pembeni mwa shavu, polepole. Ukimwinua kichwa na kumwaga kwa kasi, maji yataingia mapafuni. Maziwa usimpe nayo, yanapunguza ufyonzwaji wake.

Kusaga kidonge, muulize kwanza daktari wa mifugo. Vingine vimepakwa ganda kwa makusudi. Na tafadhali, mbwa mwenye maumivu ya viungo asipewe diklofenaki ya nyumbani, ile dawa ya watu ya kutuliza maumivu. Inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na za mbwa mzee mara nyingi zimeshachoka.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma