Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazazi na walimu wenzangu wa Tanga, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mwaka huu mtaala mpya ndio uliotushughulisha kuliko jambo lolote. Sera ya Elimu toleo la 2023, aliyoizindua Rais Samia Dodoma tarehe 1 Februari 2025, wengi mmeisikia redioni: elimu ya lazima miaka kumi, msingi sita na sekondari minne, na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sambamba na ule wa jumla. Kuisifu nawaachia wengine. Mimi nina hesabu moja tu.

Mtaala ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Aliyekuwa la tatu mwaka ule anamaliza la sita 2027. Aliyekuwa la nne, ambaye yumo kwenye mtaala wa zamani, anamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 wote wanabisha hodi kidato cha kwanza. Anayedhani hilo ni la Dodoma akaangalie shule zetu za kata Januari ya kawaida tu, viti na meza vinavyogombaniwa. Tumeanza kuwafuata watendaji wa kata, kuanzia Pongwe hadi Chumbageni. Majibu mpaka sasa ni "tunalifanyia kazi". Tutarudi tena.

Kuhusu amali, tulitembelea karakana ya shule moja hapa mjini. Jiliwa, kile kifaa cha kubania chuma, ni moja. Kijana wa mbele anakata chuma kwa msumeno, walio nyuma wanaandika daftarini namna ya kukata. Mwalimu wao hodari, ila chaki haigeuki randa. Tukazungumza na maseremala wa Ngamiani na mafundi wa ngalawa wa Sahare, nao wamekubali kupokea vijana Jumamosi, mkuu wa shule na wazazi wakiridhia. Kuna mzazi alikuja juu: "Mwanangu nimempeleka shule, sikumpeleka gereji!" Simlaumu, miaka mingi ufundi tuliuona ni wa waliofeli. Lakini Hisabati na Kiingereza kijana huyu anasoma kama wenzake.

Vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vinaendelea. Pale walimu wanapokaa kweli kuchambua mada ngumu, faida inaonekana darasani. Kwingine, tusidanganyane, ni kusaini mahudhurio na kunywa chai.

Elimu ya juu kwa kifupi: Chuo Kikuu Mzumbe kinapata kampasi Mkinga kupitia mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ambao Benki ya Dunia imeukopesha nchi nzima Dola milioni 425. Mkoa huu una bandari, mkonge na uvuvi, kwa hiyo kamati ya elimu itaomba kukutana na uongozi wa chuo kuzungumzia kozi.

Ya ada atayasema mhazini, na orodha ya wanaodaiwa anayo. Mwenye randa, tupa au jiliwa iliyokaa bure nyumbani, hata kama ina kutu, aiandikishe kwa katibu kabla hajatoka ukumbini.